Ziwa la Walden Majani Yakipukutika

Iwapo una mwana au ndugu upande wa Boston kule Marekani, na Mungu akujalie kumtembelea mwezi wa Oktoba, usikubali kuzungushwa madukani tu. Mwambie akupeleke Walden, katika mji wa Concord. Ni bustani ndogo ya serikali ya jimbo la Massachusetts, na ziwa lake waweza kulizunguka kwa miguu kwa saa moja hivi. Mbele ya Naivasha hiki ni kidimbwi!

Lakini usilidharau. Kina chake ni kama mita 31. Zamani wenyeji walidai halina mwisho, hadi mwaka wa 1846 Henry David Thoreau alipotembea juu ya barafu, akashusha kamba yenye jiwe na kulipima. Bwana huyo alikuwa amejijengea kibanda hapo mwaka wa 1845, akakaa humo miaka miwili na ushei. Kilimgharimu dola 28 na senti kidogo. Kibanda cha kuigiza kiko karibu na maegesho ya magari. Utaona kitanda, meza na viti vitatu. Pale kilipokuwa chenyewe pana nguzo za mawe, na kando yake rundo la mawe yaliyoachwa na wageni.

Binti yangu alicheka nilipomsomea bei hiyo. Yeye hukodi chumba Lowell, mji wenye Wakenya wengi, na kodi ya mwezi mmoja ingejenga vibanda vingi vya Thoreau, kwa hesabu ya siku zile. Usiku hutunza wazee, mchana huenda darasani.

Nami, msomaji, nilikuwa na neno. Kakake mdogo alidaiwa karo, na nyumbani tuliafikiana kwamba nimwambie ana kwa ana. Nikaona njia ya kuzunguka ziwa ndiyo mahali pake.

Tukaenda. Misonobari ilikuwa kijani, lakini miti ya mepo ilikuwa kama inayowaka moto, na maji yakarudisha rangi yote hiyo. Si baridi pekee inayofanya hivyo. Siku zikifupika, mti huacha kutengeneza ukijani, na manjano iliyojificha ndani ya jani tangu mwanzo ikajitokeza. Wekundu ndio huundwa wakati huo, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani.

Tulipoketi ufuoni, nikakohoa nianze. Akanitangulia.

"Baba, nikisinzia uniamshe saa tisa. Leo nina zamu."

Kabla sijajibu alikuwa amelala, kichwa begani mwangu. Viganja vyake vilikuwa vimekauka na kupasuka kwa sabuni. Majani yakamwangukia, nami nikawa nayaondoa moja moja. Saa tisa ikafika, nikamwongezea dakika kumi.

(Ukienda, chukua sweta nzito. Mbwa hawaruhusiwi. Usiye na gari panda treni Boston, kituo cha North Station, ushuke Concord, kisha utembee kama nusu saa.)

Tukirudi garini akakumbuka. "Baba, si ulisema una neno la kuniambia?"

"La mamako," nikamjibu. "Anakusalimu sana."