Uani Pasipo Kuku

Wako watu siku hizi wanaosema kwamba kufuga kuku mjini ni ushamba. Neno hili nimelisikia Mlaleo, nimelisikia Barsheba, na juzi nikalisikia kwa mtu ambaye najua fika kwamba ada yake ya chuoni ililipwa kwa mayai. Mimi nasema ushamba ni kununua yai moja moja dukani hali nyuma ya nyumba pana udongo uliolala bure.

Kisauni ya utoto wangu ilikuwa minazi na miembe. Daraja la sasa la Nyali lilifunguliwa mwaka 1980 kushika mahali pa lile la kuelea lililokuwapo tangu 1931, na tangu hapo bara yetu hii imejaa watu na gorofa. Si neno, watu lazima wakae. Lakini wengi wetu tuna nyumba bila ardhi: nyumba yako, kiwanja cha mwingine. Basi mwenye kiwanja akiuza, au mwenye nyumba akipata vijisenti, cha kwanza kuliwa ni ua. Ukuta wagusana na ukuta, na mtetea hana hata pa kuparua.

Na kwa kupotea ua tumepoteza elimu nzima. Nazi ikishakunwa na tui kukamuliwa, mama zetu hawakutupa machicha. Yalikwenda kwa kuku pamoja na wishwa wa mchele na vichwa vya samaki. Mrehani, mchaichai na majani ya mlonge yalianikwa uteoni, tena kivulini, kwa maana jua kali huyatoa rangi na harufu. Wakati wake ni kaskazi, hewa ikiwa kavu. Ukianika masika utavuna ukungu. Majani makavu ya mwarobaini yalitiwa ndani ya mchele kuzuia fukusi, na kwenye kiota cha kuku anayelalia kufukuza utitiri. Leo tunanunua mchaichai ndani ya vipakiti, na wallahi hauna hata harufu.

Hapa lakini nataka kusema kweli, ijapokuwa baadhi ya wazee wenzangu watanuna. Mwarobaini si dawa ya kideri. Kideri chatokana na kirusi, wala hakuna jani, shubiri wala maji ya pilipili, yatakayokiponya. Kikiingia huweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na ndipo watu husema kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, na akiangua huchukuliwa na mwewe. Kinga yake ni chanjo, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu au minne, nayo hutengenezwa hapa hapa Kenya na KEVEVAPI.

Ama kuhusu chakula cha dukani, tupige hesabu. Kuku wa gredi wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku. Kumi wala kilo 36 kwa mwezi, yaani gunia la kilo 70 haliwafikishi miezi miwili. Kweli, akishiba hutaga karibu mayai 300 kwa mwaka, naye wa kienyeji anayejitafutia hutaga 40 au 60 tu. Lakini huyu hulea vifaranga vyake mwenyewe na hakudai gunia. Ndani ya gunia lile mna mahindi, mashudu ya soya na alizeti yatokayo sana Uganda na Tanzania, na dagaa wa Ziwa Viktoria. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya nafaka duniani, mfugaji wa Mtopanga naye akalia. Kwa nini tusianze na kilicho karibu: machicha, mashudu ya nazi, pumba za ngano za vinu vya Mombasa, mabaki ya mboga ya soko la Kongowea? Gunia liwe nyongeza.

Na wauzaji nao wamche Mungu. Mmoja, simtaji, aliniuzia dagaa nusu yake mchanga. Suratul Mutaffifin haikushuka kwa ajili ya wauza dhahabu peke yao. Tena afadhali mchanga kuliko ukungu. Mahindi yenye sumu kuvu yaliua watu 125 katika sehemu za Makueni na Kitui na jirani zake mwaka 2004. Na yasiyomfaa mtu asiuziwe mwenye kuku, kwa kuwa chembe za sumu hiyo huweza kufika kwenye yai.

Waaidha kuna suala la jalala, yaani mnyama anayekula najisi. Wanazuoni wetu wa Kishafii wameichukia nyama yake ikiwa imegeuka kwa najisi hiyo, mpaka afungiwe na kulishwe kilicho tohara. Na imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu. Tazama sasa majaa yetu, na maji ya vyoo yaliyofurika vichochoroni, na kuku wanaozurura humo. Anayewaachia hivyo kisha akajisifu kwamba wake ni wa kienyeji, safi, anajidanganya. Kuku wa uani ana faida juu ya wa sokoni pale tu unapojua alikula nini na nani alimchinja.

Jambo moja dogo la mwisho. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi, na ikishafunguliwa haiwekwi hadi kesho, hivyo mwenye kuku sita akinunua peke yake atamwaga pesa. Mtaani kwetu majirani huchanga, na kuku huletwa baada ya sala ya alfajiri, bado wamo matengani, kabla hawajatawanyika. Kila mtaa wa Kisauni wenye msikiti una watu wa kutosha kufanya hivi.