Mgeni Kaja, Mwenyeji Yuko Wapi?

Ndugu msomaji, nisikilize kwanza kabla hujanirushia mawe. Sina ugomvi na mtu anayepumzika. Mwenye hela yake na aitumie. Ugomvi wangu ni juu ya neno moja tu: kijiji.

Nilikuwa Toscana, Italia, nikisoma. Pesa ya kujikimu ikakata, nikapata kibarua cha miezi ya joto kwenye hoteli moja ambayo jina lake sitalitaja. Tangazo lao lilisema hii si hoteli, ni kijiji. Na kweli, vyote vya kijiji vilikuwepo: kanisa, kisima, tanuri la mkate, nyumba za mawe zilizoegemeana mlimani, na mizeituni kote. Kazi yangu ilikuwa kutandika vitanda. Chumba cha bei mbaya kuliko vyote kiliitwa Zizi. Kulala humo usiku mmoja kulizidi ujira wangu wa wiki mbili.

Asubuhi moja akaja mzee mmoja, kavaa koti la Jumapili, kashikwa mkono na mjukuu wake. Akasimama mbele ya lile Zizi. Akanieleza kwamba ng'ombe wao wawili walilala humo, na yeye na ndugu zake walilala ghorofa ya juu, maana joto la ng'ombe ndilo lililowaokoa na baridi. Aliomba kuchungulia tu. Nikaenda kuuliza. Jibu la mapokezi: je, mzee ameweka nafasi? Kama hakuweka, wageni wanahitaji faragha. Nikarudi kumwambia, uso nimeuinamisha. Hakugomba. Alipapasa ukuta, akasema wameusafisha vizuri, akaondoka.

Sasa mtauliza, mbona familia yake iliiuza nyumba? Nani kawaambia iliiuza? Haikuwa yao. Toscana ya zamani ilikuwa na mtindo unaoitwa mezzadria. Mkulima na familia yake yote wanalima shamba la bwana, wanakaa nyumba ya bwana, na mavuno yakiingia wanagawana nusu kwa nusu. Bwana hashiki jembe. Sheria ilikuja kupiga marufuku mikataba mipya ya namna hiyo mwaka 1964, lakini wakati huo vijana walishaanza kukimbilia viwanda vya mjini. Walipoondoka waliondoka na masanduku yao. Mawe yalibaki kwa wenye mawe. Kwa hiyo leo, nyumba inapogeuka dhahabu, mtoto aliyezaliwa humo hana hata karatasi ya kuonyesha mlangoni. Zamani walimchukulia nusu ya mavuno. Safari hii hata nusu hakuachiwa.

Najua nitakavyojibiwa. Eti bora hoteli kuliko magofu! Haya, tuzungumze kwa haki. Twendeni mlimani Abruzzo, kwenye kijiji cha Santo Stefano di Sessanio, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Zamani kilitajirika kwa sufu ya kondoo, hata ukoo wa Medici wa Firenze ukakitwaa mwaka 1579. Sufu ilipokosa maana, watu walihama, wengine hadi ng'ambo. Mwaka 1999 akafika jamaa mmoja kwa pikipiki, Daniele Kihlgren, akanunua nyumba zilizokuwa zinaoza, akazitengeneza bila kuziharibu sura. Hata masizi ya moshi ukutani hakuyafuta. Vyumba vya hoteli yake, Sextantio, vimetawanyika kijijini, na magodoro ni ya sufu kama ya wachungaji. Tena alipigania kusijengwe majengo mapya ya zege. Kwa hilo nampa mkono. Bila yeye, huenda tungekuwa tunazungumzia kifusi.

Lakini hapohapo ndipo hoja yangu iliposimama. Mwaka 2020, hoteli ikiwa imeshajulikana dunia nzima, halmashauri ya kijiji hichohicho ilitoa tangazo la kutafuta watu wa kuhamia. Wakazi walikuwa 115 hivi, na walio chini ya miaka 20 walikuwa 13 tu. Kila kijana atakayekubali aliahidiwa hadi euro 8,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu, na ruzuku ya kuanzisha biashara juu yake. Umeona maajabu hayo? Mahali palepale mmoja analipa ili alale, mwingine analipwa ili akae! Mawe yamepona, bwana. Kijiji bado mgonjwa.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ina watu wawili. Ukimwondoa mmoja si methali tena, ni biashara ya vyumba.

Wala tusidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Hao hao wa Sextantio wamejenga vibanda vya udongo na nyasi Rwanda, kisiwa cha Nkombo, ziwa Kivu, na mapato yamekusudiwa kusaidia bima ya afya ya wenyeji. Huo ni mwanzo mwema, kwa sababu angalau mwenyeji yumo kwenye hesabu. Kumbe inawezekana! Basi na tuwaulize wote, wakubwa kwa wadogo.

Na sisi tunaoshika kalamu tujiulize pia. Mara ngapi tumeandika kijiji chenye mbalamwezi, chungu cha bibi na harufu ya mvua, halafu bibi mwenyewe hasemi neno? Nimeandika mashairi ya namna hiyo, sikatai. Nilikuwa natandika vitanda tangu kabla sijafika Toscana.

Kwa hiyo mkinionyesha kijiji kilichofufuliwa, msianze na picha ya bwawa la kuogelea. Niambieni Januari, theluji ikianguka na wageni wakiwa wameondoka, ni madirisha mangapi yana taa. Niambieni shule ina watoto wangapi. Na yule mzee wa koti la Jumapili akija na mjukuu wake, mtamfungulia mlango, au mtamuuliza kama ameweka nafasi?