Mnara umefika Mueda, sasa tuleteeni na lugha

Ninyi wenzangu mliorudi nyumbani kutoka Tanzania, na ninyi mnaovuka Ruvuma kila wiki na mizigo, mtanielewa haraka kuliko wakubwa wa Maputo. Kila mara nisikiapo hotuba juu ya maendeleo ya Teknohama nchini Msumbiji, nasikia habari za minara, nyaya na kompyuta. Sina ugomvi na minara. Mimi ni mwalimu, najua thamani yake. Lakini nauliza, hivi mnara ukishasimama, nani anaweza kuutumia?

Tukubali kwanza yaliyofanyika. Msumbiji haikulala. Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane kilikuwa na intaneti tangu miaka ya 1990, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado zinaisikia tu. Sera ya taifa ya mambo haya ilipitishwa mwaka 2000. Vituo vya kwanza vya mawasiliano vya wananchi vilifunguliwa 1999 huko Manhiça na Namaacha. Vyote viwili viko mkoa wa Maputo, zaidi ya kilometa 2,000 kutoka huku kwetu, lakini tuliache hilo. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulifika kwa njia ya bahari. Mwaka 2012 Movitel, yenye ubia na Viettel ya Vietnam, ilianza kazi na kusambaza mtandao hadi vijijini ambako wengine waliona hakuna faida. Hiyo ni kazi kubwa na anayeibeza hajawahi kupanda kichuguu kutafuta mawimbi ya simu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Jirani yangu hapa uwanda wa Mueda ni mama mfanyabiashara. Analeta vitenge, sabuni na ndoo za plastiki kutoka Mtwara na Masasi. Anazungumza Kimakonde na Kiswahili, Kireno hakijui zaidi ya salamu. Upande wa Tanzania anatuma pesa kwa simu yake mwenyewe, anasoma menyu kwa Kiswahili, anahesabu makato, anafuta meseji asiyoitaka. Akivuka daraja la Negomano na kubadili laini, mama yule yule anakuwa kipofu. Menyu ni Kireno, meseji ni Kireno, na onyo la kutompa mtu namba ya siri nalo ni Kireno. Inabidi ampe simu kijana aliye karibu amsomee.

Mwaka juzi kijana wa namna hiyo alimsomea meticais 18,000 zikaondoka zote. Alimtajia namba ya siri kwa mdomo wake, maana angefanyaje? Alipokwenda kulalamika kwenye kampuni akaambiwa, kwa Kireno, kwamba kosa ni lake kwa kuwa onyo alitumiwa. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Aliniuliza, "Mwalimu, mbona ng'ambo nafanya mwenyewe?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Watasema Kireno ndiyo lugha ya taifa inayotuunganisha. Ni kweli, na darasani nakifundisha. Lakini serikali hiyo hiyo ilianzisha elimu ya lugha mbili kwenye mtaala wa 2004, na watoto wa madarasa ya mwanzo wakaanza kusoma kwa lugha za kwao, Kimakonde na Kimwani zikiwemo. Redio ya taifa kutoka Pemba inasema kwa Kimakonde, Kimwani na Kimakua. Basi kama redio inaweza kutangaza bei ya korosho kwa Kimakonde, simu inashindwa nini kusema "usimpe mtu namba yako ya siri"? Kwa wafanyabiashara wa mpakani Kiswahili kingetosha kabisa, na tafsiri yake tayari iko ng'ambo ya mto. Hakuna wa kuitungia upya.

Jambo la pili ni karatasi, na hili linanigusa mwenyewe. Mimi nilikimbizwa mgongoni mwa mama wakati wa vita, nikamaliza darasa la saba Tunduru, nikarudi 1994, miaka miwili baada ya mkataba wa amani wa Roma. Cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho. Nilikuwa na kadi ya ukimbizi na cheti cha shule cha Kiswahili, na ofisini waliviangalia kama vipande vya gazeti la kufungia karanga. Ilinichukua miaka sita kupata kitambulisho.

Wakati ule bila kitambulisho ulikosa kazi tu. Leo unakosa na simu. Baada ya vurugu za Septemba 2010 mjini Maputo, zilizoitishwa kwa meseji, serikali iliamuru kila laini isajiliwe kwa jina la mtu. Nia yao tunaielewa. Lakini huku, wazee wengi waliorudi wamesajili laini kwa jina la mpwa au mkwe. Mpwa akihamia Nampula, na simu ikadondoka mtoni, laini haiwezi kurudishwa mpaka yeye aje. Fedha za mzee ziko humo. Tangu 2017, watu wakikimbia mashambulizi Cabo Delgado, wengi wameacha nyumba zikiteketea pamoja na vitambulisho vyao, na hadithi yetu ya miaka ya 1980 imerudi upya kwa wajukuu. Hao ndio wanaohitaji msaada wa fedha kwa simu kuliko mtu yeyote.

Ombi langu ni dogo. Wakati kampuni zinaposajili laini, ofisa wa vitambulisho akae kwenye meza hiyo hiyo, na ushahidi wa mwenyekiti wa kijiji na wazee wawili ukubaliwe, kama tulivyokubaliwa kambini. Mfuko wa mawasiliano kwa wote, ambao kampuni zinauchangia, umefungua viwanja vya intaneti ya bure mijini. Sehemu ya fedha hizo ilipie tafsiri.

Kwa sasa tunajisaidia. Mimi na wanafunzi wa darasa la saba tumeandika menyu nzima kwa Kiswahili na Kimakonde kwenye boksi la sabuni, hatua kwa hatua, bonyeza moja, bonyeza tatu, na kulitundika sokoni. Akina mama wanakuja na simu zao, wanasimama pale na kufanya wenyewe. Mwezi uliopita kampuni ilibadilisha mpangilio bila taarifa, tatu ikawa tano. Jumamosi tulitafuta boksi jingine.