Tunafunga Mchana, Tunalipiza Usiku



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wa Rumonge mpaka Nyanza-Lac, leo tuambiane ukweli ijapokuwa ni mchungu. Mtu akishikwa na sukari au presha mtaani kwetu, haraka tunasema: "Ni kadari ya Allah." Kadari tunaiamini. Lakini vijiko vitano vya sukari katika kikombe kimoja cha chai, nani alivitia?

Allah (S.W.T.) katika Surat Al-A'raf, aya ya 31, ametuamrisha kula na kunywa, na papo hapo akatukataza israfu. Nusu ya kwanza ya amri tunaijua vizuri sana! Ya pili tumewaachia wagonjwa.

Hebu itazameni futari yetu. Sambusa, mandazi, chapati, vyote vimepita kwenye mafuta. Ndagala aliyetoka ziwani, chakula bora kabisa, naye anaogelea katika mawese. Mawese ni neema ya Rumonge, wala sisemi tuyaache. Wekundu wake una asili ya vitamini A inayofaa macho. Lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina ile inayoganda, yanayopandisha kolesteroli katika damu, nasi tunamimina kikombe pale panapotosha kijiko. Halafu soda. Chupa ya mililita 330 ina gramu 35 hivi za sukari, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku nzima. Sisi tunafungua ya pili kabla ya Tarawehe, kisha imamu akirefusha sura tunanung'unika!

Wengine watasema: "Mgeni asiposhiba ni aibu." Sawa, lakini aibu ipi kubwa zaidi? Utafiti wa kitaifa wa 2016-2017 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nchi hii hii. Katika harusi moja niliona pilau ikimwagwa kwa ndoo nyuma ya nyumba, na watoto wa jirani wamesimama kwenye uzio wanatazama.

Basi kamati ya harusi ijayo ikikaa kuhesabu kreti za soda, mmoja wenu anyanyue mkono aulize: watoto wale tumewawekea sinia gani?