Kakontwe: ua la pori lipewe nafasi kwenye lupango

Mvua za kwanza zinapogonga udongo wa Kakontwe, pale Likasi, wakaaji wengi wanaanza kutafuta maua ya kupandisha kwenye ukuta wa lupango. Mara nyingi wanachukua bugenvilia, mmea uliotoka Amerika ya Kusini. Ni mzuri, hakuna ubishi. Lakini pori la Katanga lina mmea wake wa kupanda, ambao watu wanaupita tu wakienda shamba: Gloriosa superba. Ua lake lina petali sita zilizopinda juu, nyekundu na njano kama makala yanapopulizwa, na ncha za majani yake zinajikunja zenyewe kushika fimbo ao waya.

Wanaoukataa wana sababu mbili. Ya kwanza ni nyepesi: wakati wa kipwa mmea wote unakauka, na mwenye nyumba anadhani umekufa. Haukufa. Kiazi chake kinalala chini mpaka mvua irudi. Kizikwe sentimita 5 hadi 10, mahali maji hayatuami, na pawekwe alama kusudi jembe lisikikate.

Ya pili ni nzito: sumu. Mmea wote una kolchisini, na kiazi ndicho kibaya zaidi. Huko Sri Lanka watu wamekufa kwa kukidhania chakula. Mama anayeloweka mihogo michungu siku kadhaa anajua kuishi na sumu, lakini hii si ya kuloweka, na hata moto wa chungu hauiondoi. Basi usipandwe kamwe karibu na viazi ao mihogo. Nyumba yenye watoto wanaotia kila kitu mdomoni ingoje wakue kwanza. Na aliyekula hata kipande apelekwe hospitali saa ileile, bila kungoja atapike.

Kwa nyumba zingine, woga huo hautoshi. Loriye-rozi nayo ni ya kigeni na ina sumu kali, lakini inapandwa mbele ya nyumba bila mtu kuuliza.

Wakati huohuo miti ya pori inakatwa kwa ajili ya makala na mashamba, na mimea inayoiparamia inakosa mahali pa kushika. Asiende mtu kuchimba pori lililo salama. Ila anayefungua shamba jipya na kukuta kiazi hicho mbele ya jembe, akipeleke nyumbani. Anayeanza na mbegu atangoja miaka miwili ao mitatu kabla ya kuona ua.