Mtoto amegongwa, karatasi ziko wapi?

Mtoto wa darasa la tatu anatoka shule, anavuka barabara, pikipiki inamgonga. Anaanguka, mguu unaanza kuvimba. Watu wanajaa. Dereva wa bodaboda mwenyewe ni kijana, mikono inamtetemeka, anaomba radhi huku akipekua mifuko. Mama anafika mbio, kanga imemdondoka begani, na kabla hajamwinua mwanawe sauti zinaanza kutoka kwenye kundi.

"Mama, huyu naye mtafutaji tu, malizaneni."

"Akikupa elfu hamsini ya hospitali si inatosha?"

"Ukienda polisi utapoteza siku nzima, mtoto anaumia."

Mama anapokea hela, anaandika namba ya simu ya kijana, anaita bajaji. Zahanati wanasema ni mshtuko, wanampa dawa ya maumivu. Wiki ya tatu mtoto bado anachechemea. Safari hii anapigwa picha hospitali ya wilaya, na daktari anasema mfupa ulivunjika na umeanza kuunga vibaya, inabidi afanyiwe upasuaji. Namba ya yule kijana haipatikani. Namba ya pikipiki hakuna aliyeisoma.

Kumalizana si kosa pale goti linapochubuka. Lakini penye mfupa, kichwa au tumbo, hela ya barabarani ni ndogo kuliko ajali yenyewe, na hakuna anayejua ukubwa wa ajali siku ile ile. Wazazi wengi hawafahamu kwamba anayedaiwa hapo si kijana wa bodaboda peke yake. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inataka kila chombo kinachotembea barabarani kiwe angalau na bima ya mtu wa tatu, ile inayoitwa bima ndogo. Huyo mtu wa tatu ndiye mtoto aliyegongwa. Bima ile ilikatwa kwa ajili yake, hata kama kijana mwenyewe hana kitu mfukoni. Tatizo ni kwamba kampuni ya bima haikuwepo barabarani. Inachokiona ni karatasi, na karatasi nyingine hazipatikani tena siku chache zikishapita.

Kitu cha kwanza wala si karatasi, ni picha. Simu iliyomwita baba kazini ipige pia picha ya namba ya chombo, leseni ya dereva kama anayo, na mahali penyewe palivyo kabla pikipiki haijasogezwa. Namba ya chombo ndiyo ufunguo wa mengine yote. Kwa namba hiyo mtu anaweza kuingia kwenye mfumo wa TIRAMIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, akaona kama chombo kina bima, ni ya kampuni gani na inaisha lini. Afadhali kuangalia siku hiyo hiyo na kuhifadhi picha ya kile kilichoonekana, kwa sababu bima inayokatwa baada ya ajali haimsaidii aliyekwisha kugongwa. Ikionekana haina bima, madai hayajafa. Yanaelekezwa kwa dereva na mwenye chombo, na ndiyo maana jina lililo kwenye kadi ya pikipiki linatafutwa. Mara nyingi si la anayeiendesha.

Majina na namba za simu za watu wawili walioona ziandikwe hapo hapo. Kesho yake wote watakuwa "sikuwepo".

Kisha PF3. Kila mtu anaijua kwa jina, wachache wanajua safari yake. Fomu hii inatolewa na polisi, bure, na sehemu ya kwanza inajazwa kituoni. Majeruhi anakwenda nayo hospitali, daktari anaandika alichokikuta mwilini, anasaini na kugonga mhuri, kisha inarudi polisi kwenye jalada. Majeruhi aliye katika hali mbaya akimbizwe hospitali kwanza, na ndugu mmoja aende kituoni kufuata fomu. Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza ni daktari kuandika neno moja, "maumivu", na mzazi kulipokea bila kusoma. Hakuna ubaya kumwambia, "Daktari, naomba uandike na ule mkono usionyooka." La pili ni kuirudisha polisi bila kubaki na nakala. Fomu ikishaingia kwenye jalada, kuipata tena ni safari ya "njoo kesho afande atakuwepo". Kurudufu karatasi moja stesheneri hakumfilisi mtu.

Upande wa polisi wa usalama barabarani kuna karatasi nyingine ambazo familia haipewi bila kuziomba: taarifa ya ajali, mchoro wa eneo, na taarifa ya ukaguzi wa chombo, inayoeleza kwa mfano kama breki zilikuwa zinafanya kazi. Kwa sababu hiyo namba ya jalada iandikwe sehemu mbili, kwenye simu na kwenye daftari. Bila namba hiyo, kila askari wa zamu mpya atahitaji kusimuliwa upya.

Halafu kuna mahakama, na hapa ndipo familia nyingi zinapopotea. Dereva anashtakiwa kwa kosa la usalama barabarani, anakiri, anapigwa faini, asubuhi moja imetosha. Familia inasikia mitaani kwamba "kesi imekwisha" na inaamini haki yake imekwisha nayo. Faini ile inaingia serikalini, haimwendei mtoto hata shilingi. Madai ya fidia ni jambo jingine kabisa, na kwa madai hayo kukiri kwa dereva ni msaada mkubwa. Nakala ya hati ya mashtaka na nakala ya hukumu ni miongoni mwa vitu ambavyo kampuni ya bima huviulizia mapema. Zinaombwa mahakamani kwa barua, na mwombaji lazima ajue namba ya kesi. Ndiyo faida ya kumuuliza mpelelezi mapema kesi inapelekwa mahakama gani na lini.

Karatasi za hospitali ndizo zinazoonyesha kiasi cha madhara. Kadi ya matibabu, picha za eksirei, karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini, maelekezo ya kurudi kliniki na risiti. Kuhusu risiti, mzazi ajue kwamba zile za mashine huchapwa kwenye karatasi inayofifia. Iliyokaa mwaka mzima kwenye pochi hubaki nyeupe kabisa, na mtu hawezi kudai fedha kwa karatasi nyeupe. Ipigwe picha na irudufiwe wiki hiyo hiyo. Nauli ya bajaji haina risiti, basi iandikwe kwenye daftari, tarehe, wapi hadi wapi na kiasi gani. Ulemavu ukibaki, daktari huandika tathmini ya kiwango chake, na hiyo hufanyika matibabu yakishatulia. Anayewahi kufunga madai kabla ya hapo anadai mguu ambao haujajulikana utapona vipi.

Aliyeumia akiwa mtu mzima, kipato alichokosa nacho kinadaiwa. Mwajiriwa ana barua ya mwajiri na hati za mshahara. Mama lishe hana hati ya mshahara, lakini ana daftari la mauzo, ana miamala ya simu, pengine ana leseni ya biashara au kitambulisho cha mjasiriamali, na ana barua ya serikali ya mtaa inayosema anapika pale kila siku. Aliyeumia akiwa kazini, awe dereva wa kampuni au utingo, mwajiri wake anatakiwa kupeleka taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na huko kuna fomu zake.

Sasa majina. Hakuna kinachochelewesha madai ya Mtanzania kama majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaisha, shuleni ni Aisha, askari ameandika Asha, na nesi ameandika jina la babu peke yake. Kwa mama yake ni mtoto mmoja, kwa karani wa bima ni watoto wanne. Dawa yake ni hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, inayoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Lakini dawa ya bei nafuu zaidi ni kusimama dirishani na kusema, "Dada, samahani, andika kama ilivyo kwenye cheti." Kwa mtoto, cheti cha kuzaliwa ndicho pia kinachoonyesha kwamba anayedai kwa niaba yake ni mzazi wake kweli. Asiye nacho aanze kukifuatilia RITA mapema, asisubiri kampuni imuulize.

Ajali ikiua, mambo yanakuwa mazito, na yanaikuta familia ikiwa na msiba. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Watu wanazika, wanakunja karatasi ya hospitali, wanaiweka kabatini, na baada ya miaka miwili wanaanza kutafuta cheti. Tangazo la kifo linalotoka hospitali linapelekwa kusajiliwa ndipo cheti kitoke. Taarifa ya uchunguzi wa mwili nayo itahitajika, maana lazima ionekane aliyekufa alikufa kwa ajali ile. Kisha inafuata cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, ambayo kwa familia nyingi inaanzia kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo na kuishia Mahakama ya Mwanzo.

Kikao hicho ndicho chenye kuhitaji macho. Shemeji anasema, "Shemeji, wewe uko eda, hizi karatasi niachie mimi nizihangaikie." Huenda ana nia njema. Lakini msimamizi wa mirathi si mrithi kwa sababu tu ya kusimamia. Kazi yake ni kukusanya na kugawa, kisha kuirudishia mahakama hesabu. Mjane anayetoa karatasi zote halisi bila kubaki na nakala hata moja, wala kujua zimepelekwa kampuni gani, hataweza kuuliza chochote baadaye. Abaki na nakala, na akitaka aombe mwenyewe usimamizi, au wasimamie wawili. Wala hakuna anayemvunjia heshima marehemu kwa kufanya hivyo.

Wapo pia wale wanaojitokeza wodini au matangani kabla hata kaburi halijakauka. "Sisi tunashughulikia bima, mama, wewe saini hapa tu, tutagawana." Wakili halisi ana jina, ana ofisi, anatoa risiti na anaandika makubaliano ya malipo yake. Kishoka anachukua karatasi halisi, na siku familia ikitaka kujitoa anazigeuza rehani. Wasioweza kumlipa wakili wanaweza kutafuta watoa huduma za msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kuwaelekeza.

Barua ya madai inapopelekwa kampuni ya bima, viambatanishwe nakala, na nakala moja ya barua yenyewe igongwe mhuri wa kupokelewa. Muda nao usichezewe. Mtu mzima aliyeumizwa ana miaka 3 ya kufungua shauri mahakamani kwa madai ya aina hii, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, na mazungumzo yasiyoisha na kampuni si sababu ya kuiacha ipite. Kampuni ikikubali, kabla ya kulipa itampa mdai hati ya kusaini. Hati hiyo kwa kawaida inasema amepokea kiasi hicho na hatadai tena kwa ajali hiyo. Isisainiwe siku ile ile. Iende nyumbani kwanza, isomwe na mwenye kuelewa. Kampuni ikikataa au ikikaa kimya, malalamiko yanaweza kupelekwa TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO.

Na yule mama wa elfu hamsini? Hajachelewa kabisa, ila amejiongezea kazi. Zahanati alikopita siku ya kwanza ina rejista, na humo imeandikwa tarehe na maneno "amegongwa na pikipiki". Aende akaombe barua kutoka kwenye rejista hiyo kabla ya kwenda polisi, ili atakapoulizwa kwa nini amekuja wiki ya tatu asiwe na mdomo mtupu. Mlinzi wa shule aliona, ataje jina lake. Muuza matunda wa kona naye aliona. Tena kijana hakutoka angani. Alikuwa amevaa kizibao chenye rangi ya kijiwe fulani, na vijiwe vingi vina uongozi na daftari la wanachama.

"Shikamoo, kaka. Namtafuta mwenyekiti wa kijiwe hiki."

"Marahaba, mama. Ni mimi. Kuna tatizo?"

"Kuna kijana wenu alimgonga mwanangu tarehe 4, saa saba mchana. Sijaja kugombana. Nataka namba ya pikipiki tu, na jina la mwenye nayo."