Ardhi ya Kijani ya Dodoma Si Kiwanja Kilichosahauliwa

Wazee wa Ugogo husimulia kwamba jina la Dodoma limetokana na tembo. Tembo huyo alikwenda kunywa maji, akakwama topeni, akadidimia. Na watu waliomwona wakapaita mahali hapo Idodomya, yaani alipodidimia. Hatuna njia ya kumthibitisha tembo huyo. Lakini twaona kwamba watu wa nchi kavu namna hii waliupa mji wao jina la mahali palipokuwa na maji, na hilo latutosha kuanzia maneno tunayotaka kuyasema leo.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, viwanja vimepimwa huko kwa mbio ambazo mji huo haukupata kuziona. Watu 410,956 waliohesabiwa mwaka 2012 walikuwa wamefika 765,179 ilipofanywa hesabu ya 2022. Wote hao wanataka mahali pa kulala, na wana haki. Lakini katika mbio hizo macho ya watu yamefika hata kwenye ardhi isiyopasa kuguswa: miteremko ya vilima, mikondo ya maji ya mvua, viwanja vya wazi vya mitaa, na zaidi ya yote bonde la Mzakwe huko Makutupora. Wako wananchi wanaopinga ardhi hiyo kujengwa nyumba. Huitwa majina mabaya. Huambiwa ni wapinga maendeleo, ati wanapenda pori kuliko watu. Sisi tuko upande wao, nasi tutasema kwa nini, pamoja na yale yasiyotupendeza katika historia ya jambo hili.

Kwanza tukumbuke mji huu ulikusudiwa uweje. Mwaka 1973, baada ya matawi ya nchi nzima kuulizwa, TANU iliamua kwamba makao makuu yatoke Dar es Salaam yaende Dodoma. Mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile ambayo kila mtu aliiita CDA. Mpango wa mji uliotolewa mwaka 1976 ulitaka Dodoma iwe mji wa vitongoji, kila kitongoji na shule yake na soko lake, na kati ya kitongoji na kitongoji pawe na ardhi ya kijani. Watu waende kazini kwa miguu na kwa basi. Milima iachwe kama ilivyo. Wako waliocheka wakati ule, wakasema huo ni mji wenye mapengo. Basi mapengo hayo ndiyo yanayoombewa viwanja sasa.

Neno lenyewe, kijani, limeleta taabu. Kwa zaidi ya nusu ya mwaka ardhi ya kijani ya Dodoma si kijani hata kidogo. Mgeni atokaye Moshi au Bukoba akipita hapo mwezi wa Oktoba huona majani makavu, miiba, mbuyu mmoja usio na jani, na mbuzi. Husema moyoni: hapa pametupwa, hapana mwenyewe. Naizi mwenye haraka, aliyekaa Dodoma miezi mitatu, huona hivyo hivyo juu ya ramani yake. Hawaoni kazi ambayo ardhi hiyo inafanya, kwa sababu inaifanya kwa siku chache tu, tena chini ya ardhi.

Tueleze kazi hiyo. Dodoma hupata mvua kidogo, kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha baina ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa vishindo vya saa moja au mbili. Mto unaotiririka mwaka mzima haupo. Kwa hiyo maji ya bomba ya mji huo, kwa sehemu yake kubwa, kwa miaka mingi yametoka katika visima virefu vya Mzakwe, kaskazini ya mji kwenye njia ya Arusha. Mwalimu wa shule ya Kikuyu, mama lishe wa Majengo, waziri wa Mtumba, wote hunywa kutoka chungu kimoja.

Chungu hicho kina tabia yake. Tangu miaka ya 1950 kina cha maji katika visima vya Makutupora kimekuwa kikipimwa na kuandikwa, na kumbukumbu ndefu namna hiyo ni nadra katika nchi za joto. Wataalamu walizikusanya kumbukumbu za miaka 55 wakazichapisha mwaka 2013, na waliyoyakuta yapasa kubandikwa katika kila ofisi ya ardhi. Mvua ya kawaida haiongezi maji ya chini ila kidogo sana. Anayejaza chungu ni ile mvua kubwa ya kupita kiasi, ijayo baada ya miaka kadhaa. Msimu mmoja tu, ule wa El Niño wa 1997 na 1998, ulileta karibu sehemu moja katika tano ya maji yote yaliyoingia chini katika miaka hiyo 55. Yaani mji unakula akiba mwaka baada ya mwaka, ukingoja msimu mmoja wa neema. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha na mlango ambao maji hupitia: ni mchanga wa mito inayokauka, kama Kinyasungwe Ndogo. Mto huo ukiutazama wakati wa kiangazi ni njia ya punda tu.

Sasa jenga nyumba hapo. Sakafia uwanja, zungusha ukuta, mwaga kifusi ili gari lisikwame. Siku mvua ile kubwa inapofika, ile iliyongojewa miaka saba au minane, inaukuta mlango umefungwa. Haitazama, itapita juu, ivunje ukuta wa jirani, iende zake. Tena nyumba haiji peke yake, huja na choo chake cha shimo, na shimo la choo juu ya chanzo cha maji si jambo la kubishaniwa na watu wazima. Vilima navyo vikivuliwa miti na kuchimbwa misingi, maji yote hushuka bondeni kwa mara moja. Reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe imesombwa na mafuriko ya maji yanayotoka upande huu wa nchi mara nyingi kiasi kwamba wafanyakazi wa reli hawashangai tena.

Wako wanaotutuliza kwa kusema: msihofu, liko Bwawa la Farkwa, yako maji ya Ziwa Victoria. Sisi twaitaka mipango hiyo itimizwe, na twawapongeza wanaoishughulikia. Ila hatujamwona mkulima aliyechoma ghala lake kwa sababu shamba la mwakani litakuwa kubwa.

Hapo tumesema kwa nini ardhi hiyo isijengwe. Sasa tuseme lile ambalo wapenzi wengi wa miti hawapendi kulisikia. Katika Dodoma neno hifadhi lina harufu mbaya kwa kabwela, na halikuipata harufu hiyo bure. CDA ilishika hati ya ardhi yote ya mji, ikawapa wananchi miaka 33 tu ya kukaa, wakati sehemu nyingine za nchi mtu alipata miaka 99. Wagogo waliolima uwele na mtama hapo tangu zamani za mababu zao waliamka wakaambiwa kwamba mashamba yao yamo ndani ya mpango. Nyumba zikavunjwa. Manung'uniko yalikuwa makubwa hata Rais Magufuli akaivunja CDA yenyewe tarehe 15 Mei 2017, kazi zake zikakabidhiwa Manispaa, nao wananchi wengi wakashangilia. Hatuwalaumu kwa kushangilia. Mtu aliyehamishwa kwa kuambiwa kwamba shamba lake litakuwa bustani ya umma, halafu akaona ghorofa inasimama pale pale, mtu huyo usimwendee na hotuba ya miche.

Lakini kuvunjwa kwa CDA hakukuufuta mteremko wa maji wala mchanga wa Kinyasungwe. Waliodhani kwamba yule askari akiondoka basi kila kitu ni halali, walikosea, na wenye fedha ndio waliofaidi kosa hilo kuliko maskini. Kwani nani anayeweza kujenga kwenye mwamba wa kilima? Si mchoma mkaa. Kuupandisha mchanga na saruji huko juu ni gharama. Anayeweza ni mtu mwenye lori, aliyekipenda kilima kwa sababu ya upepo na kwa sababu kutoka huko anawatazama wengine utosini.

Na mkoa huu umekwisha kutoa sadaka kwa ajili ya ardhi. Mwaka 1973, uleule wa makao makuu, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Kondoa Irangi makorongo yalikuwa yameila nchi hata mtu angeweza kupotea ndani yake. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kutoka katika eneo lililomomonyoka, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Mwaka 1986 ikawa zamu ya Mvumi. Msomaji asiyefuga apime maana yake. Ng'ombe ni maziwa ya mtoto, ni mbolea, ni mahari ya kijana, ni akiba ya mwaka wa njaa, katika nchi ambayo bado inaikumbuka Mtunya, ile njaa iliyowaua Wagogo kwa maelfu baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe wao na nafaka yao katika Vita ya Kwanza. Mrangi na Mgogo waliambiwa wawatoe ng'ombe ili nchi ipone, nao wakawatoa, wengi wao kwa machozi. Nchi ikapona kwa kiasi kikubwa. Miti ikarudi Kondoa. Iwapo mfugaji asiye na mshahara aliweza kuhamisha zizi zima, bwana mwenye mshahara na posho anashindwaje kuhamisha kiwanja kimoja ambacho hata msingi hajachimba?

Jirani zetu wa Nairobi waliyapita haya. Mwaka 1998 wananchi waligundua kwamba vipande vya msitu wa Karura vimegawanywa kimya kimya ili zijengwe nyumba. Wangari Maathai na wenzake walikwenda huko na miche. Januari 1999 walinzi waliokodiwa wakampiga kichwani hata akatoka damu. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia barabarani. Katika mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma, na msitu huo leo umesimama, watu wa Nairobi hutembea ndani yake na watoto wao siku za Jumapili. Walioitwa wapinga maendeleo wakati ule hawaitwi hivyo tena. Hatuna haja ya kungoja Dodoma mpaka mtu apasuliwe kichwa.

Nasi hatusemi nyumba zisijengwe. Dodoma ina viwanja vingi vilivyopimwa na kulipiwa ambavyo vimeota miiba, na wenyewe wako mbali wakingoja bei ipande. Mtu anayeshika viwanja vitano bila kutia tofali, huku mwalimu amepanga chumba kimoja na wanawe wanne, huyo ni kupe, hata akiwa na kadi ya chama mfukoni. Sheria ina muda wa kuendeleza kiwanja. Itumike. Viwanja hivyo vikirudishwa vikapewa watu walio tayari kujenga, hatuoni ni nani atakayekuwa na haja ya kwenda kuugusa mchanga wa Mzakwe.

Kuhusu Mzakwe penyewe twataka mambo yafanywe kwa mpangilio wa haki. Mipaka ya bonde iwekwe kwa nguzo zionekanazo, si kwa mstari wa kalamu unaoonekana Dodoma mjini tu. Wenyeji waliokuwako kabla ya mipaka walipwe fidia ya kweli, mkononi, kabla ya kuambiwa waondoke, na ardhi watakayopewa iwe ya kulimika. Aliyenunua juzi kwa kujua, akidhani mkubwa fulani atamlinda, huyo aondoke bila kulipwa. Na kazi hiyo ianze na kuta ndefu kabla ya kufika kwenye tembe. Tumeona mara nyingi katika nchi hii alama nyekundu ya X ikianza kwa mjane ikachoka kabla ya kufika kwa tajiri.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mto mkavu ni mto. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi wa mahali waitwe na wasikilizwe mpango unapotayarishwa. Kuitwa maana yake ni mkutano wa hadhara, kwa Kiswahili, mchana, mahali ambapo bibi kizee aweza kufika. Karatasi iliyogongwa kwenye ubao ndani ya ofisi iliyofungwa hatuihesabu kuwa ni kuitwa.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wa Makutupora, Veyula, Nkuhungu, Ntyuka na mitaa mingine yote ya Dodoma wafanye jambo dogo wiki hii. Waende wawili wawili katika ofisi ya mtaa wao, waombe kwa adabu kuonyeshwa ramani ya mipango, waulize kila rangi ya kijani iliyomo iko wapi hasa juu ya ardhi, kisha watembee mpaka hapo wakaangalie. Wakikuta kuna jengo, waandike ni jengo gani. Wakiambiwa ramani haipo, watuandikie hayo pia, pamoja na tarehe na saa waliyoambiwa.